Afya Nyumbani: Pompi ya siku mtoto anapokuwa mzima

Juma hili tuliwaahidi kuendelea na habari ya chakula cha watoto wanaoanza kuachishwa ziwa, lakini habari hiyo itangoja kidogo. Yaliyotupata siku ya likelemba yametulazimisha kuandika juu ya asma, ile ambayo ndugu zetu wa nchi ya Kenya na Tanzania wanaiita pumu. (Tunasema nchi ya Kenya, si komini yetu ya Kenya. Huko wanasema asma kama sisi.)

Tulikuwa tumekaa kwenye lubanza ya mwenzetu mmoja, wamama kumi na saba hivi. Umeme ulikuwa umekatika tangu usiku, kwa hiyo mbabula mbili zilikuwa zinawaka, moja ya chai na nyingine ya bukari. Binti mmoja alikuwa anafagia kando, na mnajua vumbi letu la mwezi wa sita. Mtoto wa miaka tisa, mwana wa mmoja wetu, alianza kukohoa kikohozi kikavu. Kisha akakaa chini, mikono kwenye magoti, mabega yamepanda juu, na kifua kikaanza kupiga filimbi.

Tulichofanya hapo tunakiandika hata kama kinatupa haya. Mmoja wetu alimlaza chali kwenye mkeka. Wa pili alimpepea kitenge usoni, akazidi kurusha vumbi lile lile. Wa tatu alileta maziwa, eti yasafishe kifua. Wa nne alikimbilia mafuta ya kumpaka. Wengine wote tulimzunguka, tukamzibia hata ile hewa kidogo iliyokuwapo, huku tukilia kwa sauti. Kati ya wamama kumi na saba, hakuna hata mmoja aliyeuliza: je, mtoto huyu ana pompi?

Pompi ilikuwapo. Mama yake alikuwa ametoka kwenda soko, na tulipompigia simu alisema iko nyumbani, ndani ya kabati, na ufunguo anao yeye. Aliificha humo kwa sababu hakutaka wakwe zake waione. Aliogopa watasema mtoto ni mgonjwa wa kifua, amerithi kwa ukoo wa mama.

Aliyemwokoa mtoto ni nkambo mmoja wa parseli ya jirani, muuguzi aliyekwisha kustaafu. Alisikia makelele yetu, akaingia, akatufukuza wote kando. Alimkalisha mtoto kwenye kiti, ameinama mbele kidogo, viwiko juu ya meza. Alimfungulia vifungo vya shati na kumwambia kwa sauti ya chini apumue naye polepole. Halafu akatugeukia: "Moto ya kumpeleka iko wapi?" Tulipofika lopitali walidai kwanza franka za dhamana. Mwenzetu ambaye likelemba ya siku hiyo ilikuwa zamu yake, na ambaye alikwisha kupanga kununua magunia mawili ya unga wa kuuza, alizitoa zote bila kusema neno. Mtoto aliwekewa oksijeni na dawa ya kuvuta kwa maski, na jioni alikuwa anaomba mkate.

Munganga alipomwona mama, hakumwuliza juu ya ile pompi ya kabatini. Alimwuliza: "Dawa ya kila siku iko wapi?" Mama akajibu kwamba aliiacha mwezi wa pili, maana mtoto alikuwa amepona.

Hapo ndipo tuliona kwamba wengi wetu hatujui asma ni nini. Mtoto wa asma hajapona siku ile hapigi filimbi. Mirija ya pumzi ndani ya kifua chake inabaki imevimba kidogo, hata anapokimbia na kucheka. Inangoja kitu cha kuichokoza. Kikija, moshi au mafua au baridi, misuli inayozunguka mirija inakaza, kuta zinavimba zaidi, ute mzito unajaa, na njia ya hewa inabaki ndogo kama mrija wa kunywea sukari. Hewa inaingia kwa shida, na inatoka kwa shida kubwa zaidi. Ile filimbi ni hewa inayolazimisha kutoka.

Ugonjwa huu hauambukizi. Hauendi kwa kijiko, wala kwa kulala kitanda kimoja, wala kwa kunyonyesha. Kifua kikuu ni jambo lingine kabisa, na kikohozi kinachopita majuma mawili kinastahili kupimwa, ili tusichanganye haya mawili. Ni kweli kwamba asma inapenda kupita katika ukoo, lakini inapita kwa baba sawa na kwa mama, kwa hiyo wakwe wasitafute mwenye kosa. Wala hatuko peke yetu: Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 262 duniani walikuwa na asma, na 455,000 walikufa nayo. Wengi wa hao waliokufa ni wa nchi zenye mapato madogo kama yetu, ambako dawa ipo katika vitabu lakini haipo katika nyumba.

Sasa tuje kwenye pompi, kwa sababu hapa ndipo makosa yetu mengi yanapotokea.

Kuna pompi za aina mbili. Ya kwanza mara nyingi ni ya buluu, na kwenye kartoni yake mtasoma salbutamol. Ventoline ni jina la biashara tu. Hii ni pompi ya kufungua. Inalegeza ile misuli iliyokaza, kwa dakika chache tu, na nguvu yake inaisha baada ya saa nne au sita hivi. Ya pili mara nyingi ni ya rangi ya kahawia, lakini rangi zinabadilika kufuatana na kiwanda, basi someni jina: béclométasone, au budésonide. Hii inatuliza ule uvimbe wa ndani. Mtoto akiivuta wakati kifua kimebana, hamtaona kitu, na ndiyo sababu wamama wengi wanasema haina nguvu, wanaiacha. Kazi yake ni ya polepole, kila siku, asubuhi na jioni, hata mtoto akiwa mzima kama ngoma. Hasa akiwa mzima.

Pompi ya buluu peke yake ni kama kufuta maji sakafuni huku paa linavuja. Tangu mwaka 2019 wataalamu wa asma wa dunia, wale wa kundi linaloitwa GINA, waliacha kushauri wakubwa na vijana watibiwe kwa pompi ya buluu tu bila dawa ya uvimbe. Kuna hata pompi moja inayochanganya dawa ya kufungua na dawa ya kutuliza, budésonide pamoja na formotérol. Munganga akiwaandikia hiyo, msishangae. Kipimo chepesi cha nyumbani ni hiki: anayehitaji pompi ya buluu zaidi ya mara mbili kwa juma, au anayeamka usiku kwa kikohozi, asma yake haijatawaliwa. Arudi kwa munganga kabla ya mashambulio, si baada yake.

Tunasikia watu wanasema pompi inazoeza mwili, na inaua moyo. Baada ya salbutamol moyo unaweza kwenda mbio na mikono kutetemeka kidogo, inapita. Pompi ya uvimbe inapeleka dawa kidogo sana moja kwa moja kifuani, ila inaweza kuleta utando mweupe mdomoni, na kwa hiyo mtoto asukutue maji na kuyatema kila akimaliza kuvuta. Kinachotuogopesha sisi ni vile vidonge vinavyouzwa kwa rejareja sokoni, dexa na vingine vya jamaa hiyo, ambavyo wengine wanameza ili wanenepe na wengine wanawapa watoto kila kifua kikibana. Vidonge vya namna hiyo vina siku zake, chache na za kuhesabiwa, munganga akiandika. Kumeza kila mara bila yeye kunaharibu mifupa, sukari ya damu na kukua kwa mtoto. Aspirini na ibuprofeni pia zinaweza kuamsha shambulio kwa baadhi ya wenye asma, ulizeni kabla. Na tunawaomba sana msimnyweshe mtoto anayehema mafuta ya aina yoyote. Yanaweza kuingia kwenye mapafu.

Mwenye mimba asiache pompi zake. Tunajua wamama wanaoziacha kwa kumhurumia mtoto wa tumboni, lakini mama akikosa hewa, na mtoto amekosa.

Yule nkambo muuguzi alikuja kwenye mkutano wetu uliofuata, akatuomba tuoneshe tunavyovuta. Wenye asma kati yetu ni wanne, wakubwa wote. Watatu walikosea! Mmoja alipuliza pompi kama anajipulizia marashi mdomoni. Dawa yote ilibaki kwenye ulimi. Njia ni hii: tikisa pompi, toa hewa yote nje, weka mdomo na ufunge midomo vizuri, anza kuvuta polepole na papo hapo ubonyeze mara moja tu, endelea kuvuta mpaka kifua kijae, kisha zuia pumzi ukihesabu mpaka kumi. Mvuto wa pili ungoje kidogo, na utikise tena.

Kwa mtoto hii ni ngumu, na kwa mtu anayehema ni ngumu zaidi. Kwa ajili hiyo kuna chombo cha kupitishia dawa, chemba, ambacho hapa kwetu ni ghali na hakipatikani katika kila farmasi. Lakini mwaka 1999 waganga wa lopitali ya watoto ya Cape Town, Afrika Kusini, wakiongozwa na Heather Zar, walionesha katika gazeti la kiganga liitwalo The Lancet kwamba chupa ya plastiki ya nusu lita, ile ya maji ya kununua, inafanya kazi sawa na chemba ya kiwandani kwa watoto wenye shambulio. Gilasi ya plastiki haikufaa vile. Sisi tulipenda sana habari hii, maana chupa hizo zimejaa kila mfereji wa mji.

Chupa iwe ya maji, isiwe iliyowekwa mafuta ya taa wala sabuni kali. Chini, kwenye kitako chake, chora umbo la mdomo wa pompi, kisha toboa kwa waya uliopashwa moto ukifuata mchoro, mpaka mdomo wa pompi uingie na kubana. Kukiwa na nafasi, ziba kwa gundi au utepe. Paruza kingo zisimkate mtoto. Ioshe kwa maji ya sabuni laini na uiache ikauke yenyewe bila kupangusa, maana plastiki iliyosuguliwa kwa kitambaa inavuta dawa kwenye kuta zake. Mtoto anaweka midomo kwenye shingo ya chupa, unabonyeza mara moja, anapumua ndani na nje mara tano hivi, ndipo unabonyeza tena. Mtoto mdogo asiyeweza kufunga midomo barabara, chini ya miaka minne hivi, anahitaji maski; huyo chupa peke yake haimtoshi.

Jambo lingine alilotufundisha nkambo ni hesabu. Pompi nyingi zina mivuto 200, imeandikwa kwenye kartoni. Anayevuta miwili asubuhi na miwili jioni anamaliza kwa siku 50. Baada ya hapo pompi bado inatoa upepo ukibonyeza, na wewe unafikiri ni dawa. Andikeni kwa kalamu, juu ya pompi yenyewe, siku mliyoifungua.

Na vitu vinavyochokoza? Hapa Lubumbashi tunavyo kwa wingi, na kiangazi ndiyo sikukuu yao. Kuanzia mwezi wa tano mpaka wa tisa mvua hakuna, vumbi jekundu linapanda na kila gari, asubuhi za mwezi wa sita na wa saba ni za baridi kali, na kuelekea mwezi wa nane pori linachomwa pande zote. Ongeza malori ya madini. Mwaka 2009 Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzake wa Leuven, Ubelgiji, walitoa uchunguzi wao juu ya mikojo ya watu wa Katanga: wanaokaa karibu na migodi na viwanda vya kuyeyusha walikuwa na kobalti nyingi sana mwilini, na watoto kuliko wakubwa. Haukuwa uchunguzi wa asma, lakini unatuonesha kwamba vumbi tunalolifagia haliishii kwenye ufagio. Barabara na viwanda si sisi tunaoviamua, ingawa tungependa kuulizwa. Lubanza ni yetu.

Basi nyunyizeni maji kabla ya kufagia, na mtoto wa asma asiwe ndiye anayepewa ufagio, wala asikae karibu. Mbabula iwashwe nje, upepo ukipeleka moshi mbali na mlango, na mtoto aje makala yakiwa yamekwisha kuwa mekundu. Pilipili na samaki wa kukaanga, vivyo hivyo. Takataka zisichomwe parselini jioni wakati watoto wako nje. Usiku wa baridi watu wanaingiza mbabula chumbani. Hata katika nyumba isiyo na asma, makala yana hewa ya sumu isiyo na harufu, na familia nzima inaweza kulala isiamke. Hilo tulikwisha kuliandika na tutaliandika kila mwaka. Ile dawa ya mbu ya kuzungusha na kuchoma, tuibadilishe kwa chandarua. Godoro na mablanketi yaanikwe juani. Na baba anayevuta sigara avute barabarani. Mwambieni kwa heshima, lakini mwambieni.

Kinachochokoza kuliko vyote ni mafua. Mafua hatuwezi kuyafunga mlango, ila tunaweza kunawa mikono, kumfunika mtoto pua na mdomo kwa kitambaa anapokwenda masomo asubuhi ya baridi, na kutoacha dawa ya kila siku majira hayo. Mtoto acheze mpira. Kumfungia ndani hakumsaidii. Akibana akicheza, ni dalili kwamba dawa yake haitoshi.

Shambulio likija, na litakuja siku moja hata mkifanya yote haya, mkalisheni wima. Wengine watoke. Pompi ya buluu, mivuto minne, mmoja mmoja kwa chupa, kama munganga hakuandika hesabu nyingine. Baada ya dakika 20, kama hajapata nafuu, rudieni, lakini mkiwa njiani tayari. Msingoje hizo dakika 20 kama mtoto hawezi kumaliza sentensi, hawezi kunyonya, ngozi ya kati ya mbavu na ya shingo inaingia ndani akivuta pumzi, midomo inageuka rangi, au anaanza kusinzia. Na filimbi ikinyamaza ghafula huku bado anahangaika, msifurahi: hewa haipiti tena. Waombaji waombe, nasi tunaomba pia, lakini ndani ya moto, tukienda lopitali.

Kuhusu franka, tulipiga hesabu na mama wa mtoto. Dhamana ya siku ile peke yake ingemnunulia pompi ya kila siku kwa miezi minne. Kwa hiyo kikundi chetu kimekubaliana jambo hili: kila siku ya likelemba kila mmoja anaongeza kidogo kando, kwenye mfuko wa pompi. Kutakuwa na pompi moja ya buluu na chupa yake kwenye nyumba ya mweka hazina, na nyumba hiyo haifungwi kwa ufunguo wa mtu mmoja. Mwenzetu aliyetoa likelemba yake amekwisha kurudishiwa nusu. Nusu inayobaki ataipata mwisho wa mwezi wa saba. Vikundi vya Katuba na Ruashi vimetuuliza tunavyoendesha mfuko huo, tutawaandikia.

Mama wa mtoto aliwaambia wakwe zake mwenyewe, siku ya Mungu baada ya chakula. Mkwe wake mwanamume alinyamaza kwa muda mrefu, halafu akasema kwamba hata yeye utotoni alikuwa anapiga filimbi, na mama yake alikuwa anamficha.

Mtoto sasa anakwenda masomo na mfuko mdogo wa kitenge shingoni, pompi ndani, na mwalimu anajua. Alhamisi ijayo nkambo atarudi kutufundisha kutoboa chupa. Kila mama alete chupa mbili za nusu lita, safi, na kipande cha waya. Mbabula ya kupashia waya tutaiwasha nje, nyuma ya jiko, saa nane kamili.